Senti chache Hive, na anayekuomba ufunguo

Pole, ndugu yangu. Miezi miwili unaandika Hive, mtandao wa blogu unaolipa waandishi kwa sarafu ya kidijitali, kila chapisho senti chache, na sasa kuna mtu "wa msaada" anakuomba ufunguo mkuu, yaani nenosiri linalotawala akaunti yako yote. Usimpe! Kama umeshampa, badilisha funguo zote leo hii. Mkuu uandike kwenye daftari, ufungie kabatini; kwa kuchapisha tumia ule wa kuchapishia tu.

Kuhusu senti, mimi nilianza kusomwa nilipoacha habari za bei za sarafu (nani hana hizo?) nikaeleza ninavyokaanga mihogo alfajiri, nikawa natoa maoni kwa wenzangu kila siku. Malipo hutoka baada ya siku 7, ila ukiyageuza Hive Power (sarafu uliyoifungia ndani ya akaunti), kuyatoa ni kidogo kidogo kwa wiki 13. Ada ya shule usiitegemee huko.