Eneo ninalovua limekodishwa kwa mitambo ya upepo: niuze boti?

Ndugu, usiuze bado. Umesema serikali ya Marekani imepiga mnada eneo unalotega kamba wa baharini likodishwe kwa mitambo ya upepo, nawe umeelewa kwamba bahari hiyo sasa ni mali ya kampuni. Sivyo. Mkataba ule unaipa kampuni haki ya kupima eneo na kuwasilisha mpango wake. Kujenga kunahitaji kibali kingine, baada ya tathmini ya mazingira. Mradi wa umeme wa upepo wa Vineyard Wind, kule Massachusetts, ulipata eneo 2015 na mpango wake wa ujenzi ukaidhinishwa 2021. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha ukodishaji mpya, lakini mikataba iliyokwishatolewa haikufutwa kwa amri hiyo, kwa hiyo usijibweteke.

Cha kufanya sasa ni kuandika. Weka tarehe, namba za GPS za mahali ulipotega, kilo ulizopata na risiti za mauzo, hata za miaka ya nyuma. Mimi niliwahi kukatiwa mitego na meli ya upimaji. Sikuwa na picha wala kumbukumbu, nikaishia kulalamika bandarini tu. Dirisha la maoni ya umma likifunguliwa, peleka takwimu zako. Hasira peke yake hazimsogezi ofisa yeyote (nimeshajaribu).

Wakikuletea karatasi ya fidia, usitie saini kabla wakili hajaisoma. Nyingine zina kifungu cha kukuzuia kudai tena baadaye.