Daftari la duka lilinijua kuliko kanisa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Newala kanitumia meseji ndefu, anasema kachaguliwa mwenyekiti wa vijana kanisani kwao, anaomba nimtajie semina za uongozi za kwenda, ikiwezekana zenye vyeti. Nimeshaongea nae kwa simu ila nimeona niandike na huku, maana najua hayuko peke yake, na mimi mwenyewe nilikuwa hivo hivo.

Mwaka 2015 nilikuwa mhazini wa vijana kanisani kwetu hapa Mtwara mjini. Vyeti vya semina ninavyo, nilijua kufungua kikao, kuandika muhtasari, hata kuhubiri nilikuwa nahubiri watu wanaitikia amina mpaka nje. Na mwaka huo huo, mwezi wa tisa, nilichukua shilingi 180,000 za vijana nikazitumia. Nilijiambia nakopa tu, korosho za baba zikipita mnadani hela ikiingia narudisha kabla mtu hajajua. Hela ikachelewa, ilipoingia ikakuta ada ya mdogo wangu, ada ikafuatiwa na msiba, Krismasi ikapita, na mimi kila nikiitwa mbele nasoma mapato na matumizi ambayo najua moyoni sio kweli. Miezi nane niliishi hivo. Nilikuwa nalala vibaya, nakuwa mkali kwa watu bila sababu, na katika muda wote huo hakuna semina wala kikao kilichoniuliza swali lolote la kunigusa.

Walioniuliza ni kikundi cha watu saba kwenye mkeka, nami nikiwemo.

Februari 2016 mzee mmoja jirani yetu Magomeni, aliyestaafu kazi bandarini, alituita tukajifunze Biblia barazani kwake kila Jumatano saa kumi na moja jioni. Tulikuwa saba pamoja na yeye: mama anayeuza samaki, mwalimu wa shule ya msingi na mke wake, dereva wa bodaboda, dada mmoja fundi cherehani, na mimi. Nilienda kwa heshima ya mzee, na nikisema ukweli nilienda nikiamini mimi ndo nitakuwa nafundisha.

Miezi ya kwanza tulisoma Timotheo wa Kwanza sura ya tatu, zile sifa za askofu. Sura fupi sana ile, mtu unaimaliza nusu saa, sisi ilituchukua wiki kumi na kitu kwa sababu mzee alikataa tuende mbele kabla hatujakaa na neno moja moja. Siku moja akatuambia tuhesabu, katika sifa zote zile ngapi ni kipaji na ngapi ni mwenendo. Tukahesabu. Cha kipaji tulikiona kimoja, ajue kufundisha. Zilizobaki zote ni namna mtu anavyoishi: kiasi, utaratibu, kukaribisha wageni, asiwe mlevi, asiwe mgomvi, asipende fedha, nyumba yake iwe na mpangilio, asiwe mtu aliyeokoka jana. Mimi nilikuwa nimetumia miaka yote kunoa kile kimoja. Jioni ile nilirudi nyumbani kimya kabisa.

Alafu tukafika mstari wa saba, kwamba kiongozi ashuhudiwe mema na watu walio nje. Hapa kwetu ndugu zangu mnajua, majirani zetu wengi ni Waislamu, tunaishi nao, tunazikana, tunakopeshana chumvi. Mzee akasema basi wiki hii kazi ya kila mmoja ni kwenda kwa jirani mmoja asiye wa kanisa letu amuulize, mimi unanionaje, na asijitetee. Ajibiwe, ashukuru, aondoke.

Nikaenda kwa mwenye duka wa mtaani kwetu, mtu mzima, swala tano, tunaheshimiana. Nikamuuliza. Akacheka kidogo akidhani namtania, alipoona niko siriasi akanyamaza muda mrefu alafu akasema, "Jirani, we mtu mzuri, salamu zako nzuri, ila hili daftari langu linakujua. Ukikopa mpaka nikukumbushe. Na nikikukumbusha unakasirika." Nilimshukuru kama tulivoagizwa nikaondoka, miguu mizito, kwa sababu alikuwa anaongelea sukari na sabuni lakini mi nilisikia laki na themanini.

Jumatano yake kila mtu alieleza alichoambiwa. Zamu yangu ilipofika nilianza na la duka, nikasema kidogo tu, nikataka kuishia hapo. Hakuna aliyeongea. Mzee hakuongea, mwalimu hakuongea, na ule ukimya ndo ulionimaliza, maana kama mtu mmoja tu angesema "Bwana akubariki ndugu, tuendelee" ningepumua na ile siri ningekaa nayo hadi leo. Nikasema yote. Mama wa samaki alilia. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, na baki sasa hivi kwenye sanduku ni shilingi ngapi?" Akataka tarakimu. Nampenda yule mama mpaka leo kwa swali lile, kwa sababu toba yangu ilikuwa inaelekea kuishia kwenye machozi na yeye akairudisha kwenye hesabu.

Walichofanya baada ya hapo ndo nataka watu wa vikundi mkisikie vizuri. Hawakunificha, na pia hawakunitangaza. Mzee na mwalimu walinisindikiza kwa mchungaji kesho yake jioni, nikaongea mwenyewe kwa mdomo wangu, wao wamekaa pembeni. Nikaacha uhazini. Tukaandika karatasi ya kurudisha, elfu arobaini na tano kwa mwezi, miezi minne, na dereva wa boda akapewa kazi ya kunikumbusha kila tarehe tano, na alinikumbusha kweli, hakusahau hata mwezi mmoja. Kuna mwezi nilikuwa sina kabisa akanipeleka bila nauli kwa mtu aliyekuwa anatafuta wa kumsaidia kupulizia salfa mikorosho yake kule Naliendele, nikafanya, nikalipa.

Baada ya kumaliza deni sikurudishiwa cheo, na ilikuwa sawa. Nilipewa hela ya kununua maandazi ya kikundi, elfu mbili, na kurudisha chenji mbele ya watu. Kwa mwaka mzima kazi yangu ya uongozi ilikuwa ile. Kwa mtu aliyezoea kushika maiki inaumiza, sitaki kudanganya, lakini ndo mahali ambapo mkono wangu ulijifunza upya kushika kitu cha mtu mwingine.

Nilikuja kusoma baadae kuhusu Wamethodisti wa mhubiri John Wesley kule Uingereza, nikashangaa sana. Mwaka 1742 pale Bristol walikuwa na deni la jengo lao, wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa wiki, watu wakagawanywa kumi na wawili kumi na wawili na kila fungu likapewa mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya. Wale wakusanyaji walipopita majumbani wakawa wanakuta mambo, huyu mlevi, yule anapiga mkewe, yule ana njaa hasemi. Hapo Wesley akaona kumbe hawa wa kukusanya peni ndo wanaoweza kuwalea watu. Yaani mfumo uliokuja kulea viongozi wao wengi, wakulima na mafundi wa kawaida, ulianzia kwenye deni na kugonga mlango wa mtu. Wenzetu Wakatoliki nao wanajua hili, maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua miaka ya 1970 kuweka nguvu kwenye jumuiya ndogondogo walikuwa wanapeleka kanisa lifike mtaani, nyumba kwa nyumba.

Na sisi watu wa Kusini hili halitakiwi kuwa geni. Hakuna mzee wa kwetu aliyewahi kudhani tabia inafundishwa kwa kuhutubia watu mia tano uwanjani, mtoto alipelekwa jandoni na wenzake wachache, na wakubwa wa kuwaangalia usiku na mchana. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Anglikana wa Masasi kuanzia 1926, aliliona hilo akajaribu kuiweka jando ndani ya malezi ya Kikristo badala ya kuipiga marufuku. Watu wamebishana sana kama alifanya vizuri au la, mimi naona jicho lake lilikuwa sahihi kwenye hilo moja, kwamba mtu anafundwa akiwa anaonekana.

Sasa kwa huyu mdogo wangu wa Newala na wengine mnaotaka kuanza. Msizidi wanane. Mkifika kumi mtu anaweza kujificha nyuma ya wengine, na mtu anayetaka kujificha ndo huyo huyo anayehitaji kikundi. Sisi tulipofika kumi na mmoja tuligawana, watu walinuna, wakazoea.

Msijaze notsi. Somo likiwa refu sana watu wanashindana kujua, na mwenye elimu ndo anatawala. Sisi tunasoma kifungu kifupi, tunauliza kinasema nini, alafu kila mtu anataja kitu kimoja atakachofanya kabla ya Jumatano ijayo, kitu cha kuonekana, sio "nitaongeza maombi". Na Jumatano inayofuata kabla ya kufungua Biblia tunaanza na hicho, ulikifanya? Ukisema sikufanya hakuna anayekufokea, ila utaulizwa kwa nini, na wiki ijayo utaulizwa tena. Hapo ndo penye kazi yote, kikundi kikiruka swali hilo wiki tatu mfululizo mjue mmebaki na mkutano wa chai.

Zamu ya kuongoza izunguke kwa kila mtu, hata asiyejua. Yule dereva wetu wa boda kusoma kulikuwa kunampa shida, alikuwa anasikiliza sura kwenye simu akiwa kijiweni anasubiri abiria, anaisikiliza hata mara kumi. Zamu zake za kwanza alitetemeka. Leo ni mzee wa kanisa, na hakuna mgonjwa anayelazwa hospitali ya Ligula yeye asijue, anajua kila nyumba, nani hajala, nani kagombana na nani, na watu wanamfuata. Mimi nahubiri vizuri kuliko yeye lakini nikiwa na shida namfuata yeye. Ukisoma Kutoka 18, Yethro alipomwambia Musa atafute wakuu wa makumi, sifa alizotaja ni kuwa na uwezo, kumcha Mungu, kuwa mkweli na kuchukia mapato ya udhalimu, ufasaha hakuutaja.

Kuna jambo liliwahi kutuvunja na bado linaniuma. Dada yetu fundi cherehani alitueleza shida ya ndani kwake. Wiki mbili baadae ilikuwa imefika sokoni Chikongola. Tulipofuatilia tukakuta mwenzetu mmoja aliipeleka kama ombi, "tumuombee fulani, ndoa yake inapita pagumu". Alifikiri anafanya wema. Dada hakurudi tena, tulimfuata mara nne, alitupokea vizuri, akatupikia, ila hakurudi. Tangu hapo tuna sheria, jina la asiyekuwepo halitajwi hata kwenye maombi, na mambo mazito ya mtu wanawake wanaambiana wanawake kwa wanawake na wanaume vivyo hivyo. Siri tusiyoitunza ni moja tu, kama kuna mtoto au mtu yeyote anaumizwa, hilo tunalipeleka panapohusika siku hiyo hiyo na kila anayejiunga anaambiwa mapema.

Na jamani angalieni msimu. Vikundi vingi vya huku vinakufa kuanzia mwezi wa kumi, watu wako shamba wanaokota korosho, alafu viongozi wanasema watu wamepoa kiroho. Hawajapoa, wako mikoroshoni. Sisi mwezi wa kumi na moja tunawafuata, tunakaa chini ya mkorosho tunabangua maneno huku mikono inatenganisha korosho na mabibo, na kwa kweli baadhi ya Jumatano nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo zimekuwa kule shamba, kwa sababu ukifanya kazi na mtu saa tatu juani unamjua, kama ni mvivu unamwona, kama ni mkali kwa vibarua unamsikia, na jioni mkikaa kwenye neno hakuna wa kuigiza.

Mzee wetu alitangulia mbele za haki mwaka juzi. Mwenye duka alikuja msibani akakaa nasi mpaka mwisho, na mimi siku hizi sina jina kwenye daftari lake. Kikundi kinakaa barazani pale pale, mjane wake anatutandikia mkeka ule ule. Jumatano hii zamu ni ya mama wa samaki, Nehemia sura ya tano, pale Nehemia anapokaa uliwali miaka kumi na miwili bila kula posho ya liwali. Kaniambia nije nimejiandaa, na ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchemsha, niilete mimi.