Jibu kuhusu chakula cha mjukuu wangu

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Tanga hatujambo. Umeniuliza ufanye nini na binti yako wa miaka 14, ambaye tangu muhula uanze hagusi ugali wala wali na asubuhi hunywa maji ya ndimu tu: umlazimishe kula au umwachie? Usimlazimishe, wala usimwachie.

Msichana anayebalehe hutanuka nyonga na kuongezeka mafuta mwilini kwa kuwa ndivyo anavyokua, na kukua huko hakupaswi kuzuiwa kwa kufunga kula. Isitoshe, akishavunja ungo hupoteza damu kila mwezi. Kwa viwango vya Marekani, msichana wa rika lake anahitaji miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, ilhali mvulana anahitaji 11. Mpikie maharage, mchicha na dagaa, ambao huliwa na miiba yao na hivyo kujenga mifupa. Ile ndimu ikamuliwe juu ya mchicha, kwani husaidia mwili kufyonza chuma. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huzuia.

Usidhani ni ukaidi wake tu. Huko Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambako mwili mnene ulikuwa sifa kama kwetu, televisheni ilifika wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo na wengine mwaka 1998, na waliosema wanajitapisha ili wapungue walitoka sifuri hadi asilimia 11.3. Hiyo ilikuwa televisheni, mwanangu. Mjukuu wangu analala na simu iliyojaa picha zilizorekebishwa.

Linaloniuma zaidi ni maneno ya nyumbani. Likizo iliyopita shangazi yake alimpokea kwa kumwambia, "Mwali, umenenepa!", akiamini kwa moyo mweupe kwamba anamsifu, nami nikamwona mtoto akizungusha vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, akipima kama vinakutana. Zungumza na wifi yako kwa heshima, akubali kwamba mwili wa mtoto huyu hautasemwa tena, si kwa sifa wala kwa utani. Kaka zake nao waache kumwita bonge. Nawe usilalamikie tumbo lako mbele yake unapovaa.

Jioni kuleni pamoja, simu zote zikiwa mbali, yako ikiwemo. Ale anachoweza bila kuhesabiwa matonge, na mazungumzo yawe ya shule na marafiki zake.

Ila hedhi ikikatika, akiona kizunguzungu, nywele zikinyonyoka, au akikimbilia chooni kila baada ya kula, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Mweleze waziwazi kwamba una wasiwasi na afya yake, kisha umwombe daktari azungumze naye faragha, kwa maana yapo ambayo hatayasema mbele yako.

Mama yako