Kunde za kipupwe: anza kuhesabu kutoka mavuno

Hutokea mtu akaletewa kutoka Uingereza au Maskati kipakiti cha mbegu za maharage mapana, yale ya ful, akayaotesha uani kwetu Zanzibar, Kiembesamaki au Wete, akitaraji mavuno. Kule Uingereza hutiwa ardhini Oktoba au Novemba, miche ikakaa na baridi yote ikiwa haijapita urefu wa kiganja, kisha ikanyanyuka jua linaporudi na kuvunwa Mei na Juni. Ule ni mmea wa baridi. Kipupwe chetu kikishuka sana, usiku ni nyuzi 21 au 22, na mchana ni 28. Utaota, utapendeza, utatoa maua yake meupe yenye doa jeusi, kisha maua yatapukutika na ganda hutoliona.

La kuiga kwao ni kule kuchagua msimu. Wanapanda mapema ili maganda yawe yamekomaa kabla vidukari weusi hawajajaa. Sisi tunayo kunde, nayo ina hesabu yake, ila wengi huianza kichwani kuelekea miguuni: mvua ya masika ikinyesha tu, Machi au Aprili, wanapanda. Inatoka kunde ya majani, ndefu, yenye kutambaa hadi kwenye ua wa jirani, na maganda machache yanayooza kwa unyevu. Kunde inataka maji inapoota na inapotoa maua, lakini maganda yanataka jua na upepo mkavu. Kwa hiyo tafuta kwanza siku za kukausha, ndipo urudi nyuma.

Siku hizo ni mwisho wa Agosti na Septemba, kusi likivuma na vuli haijafika. Kunde nyingi za kienyeji huchukua siku 80 hadi 90 kufika ganda kavu la kwanza. Ukipanda tarehe 5 Juni, utaanza kuchuma karibu na tarehe 29 Agosti, na uchumaji ukienda wiki tatu umemaliza kabla ya Oktoba. Kwa Unguja basi panda kati ya tarehe 20 Mei na 15 Juni. Pemba mvua ni nyingi zaidi. Ikiwa udongo bado unagandamana na jembe, ngoja. Faida nyengine ya Juni ni kwamba siku ni fupi kidogo, na kunde nyingi za kienyeji husubiri ufupi huo ndipo zikageuka kutoka majani kwenda maua.

Mahali pawe na jua la muda usiopungua saa sita kwa siku. Chini ya mfenesi au mwembe usihangaike. Udongo wa kinongo ndio unaofaa zaidi: unashika maji na hautuamishi. Mchanga unafaa pia ukichanganywa na mboji, ila utamwagilia sana. Kinamo, ule udongo mzito wa mfinyanzi, kipandishiwe matuta ya sentimita 20, la sivyo mizizi itakosa hewa. Kwa walio upande wa maweni, Makunduchi, Jambiani na kwengineko, kuna jambo moja la kuachwa kabisa: jivu. Udongo wenye mawe ya matumbawe una chokaa tele, na jivu linaongeza. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, huo ni upungufu wa madini ya chuma. Chuma kimo udongoni, chokaa ndiyo inayokizuia. Tia mboji kwenye kila kishimo, viganja viwili, wala usikimbilie mbolea ya dukani.

Samadi ni ndoo moja ya lita 20 kwa eneo la mita 4 kwa 5, iliyooza vizuri, ichanganywe wiki mbili kabla. Kinyesi cha kuku kitie nusu ya hapo, au uache. Kunde hujitengenezea naitrojeni yake, na ukiizidishia inanenepa majani na kuita vidukari.

Eneo hilo la mita 4 kwa 5 linachukua mistari 8 iliyoachana nusu mita, na kila mstari vishimo 25 vilivyoachana sentimita 20. Ndivyo vishimo 200, mbegu mbili kila kimoja, yaani mbegu 400, zisizofika gramu 80 hata ukibakisha za kujazia mapengo. Hiyo ni kwa kunde inayosimama. Inayotambaa iachanishe sentimita 75 kwa 30. Tarajia kilo moja hadi mbili za kunde kavu. Anayekwambia eneo la uani litakutolea gunia anakuuzia mbegu.

Mbegu za masoko ya Darajani au Mwanakwerekwe zinaota, lakini hujui zimekaa muda gani. Chukua 20, zifunge kwenye kitambaa kibichi siku nne. Zikiota 16 na zaidi, panda. Zikiota 10, ongeza mbegu moja kila kishimo. Chini ya hapo, zipike. Yenye tundu au kidoa cheupe kilichong'ang'ania ganda lake, iache. Kidoa hicho ni yai la fukusi.

Kina ni sentimita 3 hadi 4, yaani vifundo viwili vya kidole. Siku ya tatu hadi ya tano miche inatoka, na hapo ndipo kunguru na kuku wanapokula mavuno yote kwa asubuhi moja. Laza makuti juu ya mistari, yasigandamize, hadi majani mawili ya kweli yatokeze, kisha yaondoe jioni na si mchana. Palilia wiki ya pili na ya tano. Ndago uzing'oe na vibuyu vyake vya chini, kwa sababu kuzikata kwa jembe ni kuzizidisha. Katika upaliliaji wa kwanza punguza miche, ubaki mmoja kila kishimo, na upandishie shina udongo hadi chini ya majani ya kwanza.

Kule kupandishia ndiko kunakookoa miche kwa inzi wa maharage. Mche ukinyauka manjano ukiwa na wiki mbili au tatu, ung'oe na ulitazame shina pale linapoingia ardhini. Limevimba na kupasuka. Ambua ngozi yake kwa ukucha na utaona vitu vidogo vya rangi ya hudhurungi, mfano wa punje za uwele, vimelala chini ya ngozi. Mche huo umekwisha. Jirani zake wenye udongo hadi juu wataota mizizi mipya juu ya kidonda, na wengi wao watapona.

Wiki ya tano ng'oa mche mmoja mzima kwa kuuchimbua. Mizizini kuna vinundu. Kikate kimoja: kikiwa chekundu au waridi ndani, kinafanya kazi. Cheupe au cha kijani hakifanyi. Vinundu hivi vinatoka ukivisugua kwa kidole. Kama uvimbe hautoki kwa sababu ni mzizi wenyewe ulionenepa, hao ni minyoo fundo, na kosa ni kupanda mahali palipokuwa na tungule, bilingani au bamia. Msimu ujao hamisha.

Maji sasa. Mchoo, ile mvua ndogo ya kipupwe, ukinyesha Julai, kinongo chaweza kujitosheleza. Mchangani mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki, lita 10 kwa kila mstari wa mita 5, asubuhi, chini na si juu ya majani. Wakati wa maua usiruke hata mara moja. Kiu ya siku nne hapo inaangusha maua. Maganda yakianza kuwa manjano, acha kabisa. Tandaza majani makavu ya mgomba baina ya mistari. Pwani ya mashariki kusi hubeba chumvi na kuunguza kingo za majani, basi weka ua wa makuti upande wa bahari.

Majani ya mboga ni mtihani. Kila nyumba inataka kunde na mboga kwenye mche ule ule. Ukichuma majani mawili matatu machanga kwa mche kila wiki, kuanzia wiki ya nne, mche utavumilia, lakini ukiona vitumba vya maua, mkono urudi nyuma. Vyema zaidi utenge mistari miwili ya mboga tu.

Vidukari wanakaa nchani na kwenye vikonyo vya maganda, weusi wanaong'aa. Ukiona chungu wanapanda na kushuka shinani, wapo, kwani chungu wanawalinda kwa ajili ya utamu wanaotoa. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole. Wakizidi, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwa lita 3, jioni, ukilenga chini ya majani. Mche wenye majani yaliyokunjamana na mabaka ya kijani kibichi na manjano una virusi. Ung'oe, na usichukue mbegu kwake hata ukizaa.

Adui mkubwa zaidi ni kiwavi anayetoboa maua na maganda. Ua analoishi limeshikana kwa utando na maua mengine, na ganda lina tundu lenye kinyesi cha unyevu mdomoni. Akishaingia gandani dawa haimfikii, basi piga wakati wa vitumba. Twanga kokwa za mwarobaini gramu 50 kwa kila lita ya maji, loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, nyunyiza wakati wa magharibi kwa sababu jua linaiua nguvu yake. Rudia kila siku tano hadi saba, mara tatu.

Usisubiri shamba zima likauke. Chuma kila siku mbili tatu, ganda likiwa la rangi ya majani makavu na likiwa linatikisika ndani. Fukusi hutaga mayai juu ya maganda yakiwa bado bustanini, kwa hiyo kila siku ya kuchelewa ni kuwakaribisha ghalani. Anika juani siku tano, usiku ingiza ndani, pura, peta kwa ungo. Punje ikiumwa isipasuke kwa mlio, rudisha juani. Mashina yakate usawa wa ardhi, mizizi iache humo humo kwa mchicha au mahindi ya vuli.

Za kula zitie kwenye chupa kavu za maji ya kunywa, ujaze hadi shingoni ukigongagonga ili zishuke, ukaze kifuniko. Fukusi aliyeingia ndani ya punje atamaliza hewa na kufa kabla hajazaa kizazi kingine. Chupa iliyojaa nusu haifanyi hivyo. Za mbegu changanya na jivu kavu lililochungwa, kiasi sawa na kunde zenyewe, na juu umalizie na tabaka la jivu tupu la vidole vitatu. Chupa ukiifungua, kunde zake zimalize ndani ya wiki mbili, au zihamishie chupa ndogo inayojaa.