Ndugu zangu maofisa michezo mliotoka ligi

Vijana mliotundika daluga, mkasomea ukocha, sasa mmeajiriwa vyuoni kuwa maofisa michezo, leo nawasema. Msimu huu nimeona tena timu inashuka kwenye Coaster, jezi mpya, nyimbo juu, halafu kikao cha ufundi kinadai orodha ya wachezaji yenye muhuri wa Mshauri wa Wanafunzi na kocha anaanza kupapasa mifuko ya traksuti. Leseni ya CAF anayo. Orodha hana!

1. Ustahiki wa mchezaji uhakiki mwenyewe, usimwachie nahodha. Hapa nitakaa kidogo, maana pananiuma. Nilipoanza kazi hii bado nilijiona mchezaji; ofisini nilipita kuchukua mipira tu. Tulikuwa na straika wa diploma, mguu wa kushoto mtamu ajabu. Wiki ya mashindano matokeo ya semista yakatoka, nikasikia minong'ono kwamba amedisko, yaani kaondolewa chuo kwa kufeli. Ofisi ya mitihani ilikuwa simu moja tu, sikupiga, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Kitambulisho chake hakijaisha muda, nikajiambia yatosha. Kabla ya nusu fainali akanifuata nyuma ya basi: "Mwalimu, nicheze kweli?" Nikamjibu, "Vaa jezi."

Akafunga mawili. Nikabebwa juu juu kama enzi zangu. Asubuhi tunakunywa chai, kumbe wenzetu wameshalipia rufaa, na mkononi wana nakala ya matokeo yenye namba yake ya usajili. Kanuni mnaijua: ukichezesha asiyestahili unahesabiwa umefungwa 3-0, hata kama uwanjani ulishinda saba. Wakapewa ushindi wa mezani, sisi tukafungasha. Kombe nilishalisahau. Ila yule kijana aliitwa mamluki mbele ya umati, nami niliyemvalisha jezi nikawa naangalia chini. Mabeki wangu wa mwaka wa tatu, ambao hawakuwa na mashindano mengine tena, walipanda basi bila kunisalimia.

2. Rejesha masurufu, yaani toa hesabu na risiti za fedha ya safari uliyopewa na chuo, kabla hujaomba mengine, la sivyo utakatwa mshahara. Muuza barafu hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, najua. Mwandikishe jina na namba ya simu, asaini.

3. Dokezo la safari, ile barua ya ndani ya kuomba kibali, lianze kutembea mapema. Likikwama mezani kwa mtu, mfuate kwa adabu, usimpigie kelele kama mshika kibendera.

4. Wewe si kocha wa soka peke yake tena. Hili linanichosha. Juzi nimekuta mabinti wa netiboli wanafanya mazoezi na mpira wa miguu uliochubuka, mfungaji wao, GS, anarushia pete iliyoinama kama sikio la mbuzi, kisa ofisa wao kafunga stoo na ufunguo kaenda nao kwenye mechi ya kirafiki ya wavulana. Kuna Mmarekani mmoja, Frank Broyles, alicheza ule mpira wao wa Kimarekani pale Georgia Tech, akaifundisha Arkansas kuanzia 1958 hadi 1976, kisha akabaki mkurugenzi wa michezo wa chuo hadi 2007. Mtu wa mpira damu damu. Lakini chini yake kocha wa riadha, John McDonnell, aliachwa afanye kazi, akakusanya mataji 40 ya taifa. Riadha, jamani! Wewe hata saa ya kupimia muda hujanunua.

5. Acha kujipanga namba kumi mazoezini. Vijana wanakupisha kwa heshima, nawe unadhani umewapiga chenga. Sabu siku hizi ni tano, na zote ni za wanafunzi. Kiu ikizidi, Jumamosi kuna bonanza la wafanyakazi. Mhasibu anacheza namba tisa, hakabi wala harudi nyuma. Mpe pasi za kutosha uone kama faili lako litalala Jumatatu.