Wanasoma kwa sauti vizuri tu, ukiuliza wamesoma nini kimyaa

Mwalimu mwenzangu umesema wanafunzi wako wanatiririka kama redio ila ukiuliza habari yenyewe wanakukodolea macho, na sasa unatafuta vitabu vingine "vinavyohusu maisha yao". Mi nimefundisha kusoma miaka 11, na mimi nilianzia hukohuko kwenye vitabu, nikahangaika weee.

Aliyenifumbua macho ni binti mmoja mkimya, haongei mpaka umuite jina. Tulikuwa na kihadithi cha mtoto anahamishwa shule, anapanga mizigo, rafiki yake kasimama getini. Swali: mhusika anajisikiaje? Darasa zima huzuni, mwongozo wa mwalimu nao unasema huzuni, yeye kaandika "amezoea". Nikamwekea alama ya kosa bila hata kufikiria. Kipindi kimeisha akanifuata na kitabu, wala hakulalamika, akaweka kidole pale mtoto anapokunja nguo moja moja akaniambia, "Mwalimu, ukihama mara ya kwanza unasokomeza tu." Yeye alikuwa kashahama mara 4. Ule mstari nilikuwa nimeufundisha miaka yote hiyo na sijawahi kuuona.

Toka siku hiyo kabla hatujafungua kitabu natupia swali moja la jambo lililomo ndani, mfano ulipohama uliacha nini, wanaandika dakika 5 kimyakimya, anayetaka anasoma alichoandika na asiyetaka namwacha maana kuna mambo ya nyumbani mtoto hataki yajulikane na ni haki yake. Alafu tunasoma, kila mtu atafute sentensi inayokubaliana nae au inayombishia, na AIONYESHE KWA KIDOLE. Hapo usilegeze, ukilegeza tu kipindi kinageuka kijiwe, kila mtu anasimulia ya kwao na kitabu kimefungwa.

Na sio mambo ya kufurahisha darasa tu. Mwaka 1988 watafiti Recht na Leslie kule Marekani waliwapa wanafunzi 64 habari ya mechi ya besiboli wasome, wale wanaosoma kwa shida lakini mchezo wanaujua wakaikumbuka kuliko wasomaji wazuri wasiojua besiboli. Sasa yule mwanafunzi wako unaemuita mzito, umeshamjaribu kwenye jambo analolijua?

Ila kuna kosa nililifanya naona na wewe unalielekea. Nilimuangalia mwanafunzi mmoja jina lake tu, nikakisia asili yake, nikamwambia hebu tuambie kwenu huwa mnafanyaje. Akajibu "sijui mwalimu, nimekulia hapahapa." Darasa likaangua kicheko, mtoto wiki 2 hakunyoosha mkono tena. Yaani nilimpa ubalozi wa watu ambao hata hawajui vizuri, na utamaduni wake wa kweli kumbe ulikuwa kulea wadogo zake kila akitoka shule, kitu ambacho nisingekijua kwa kukisia jina.

Vitabu ongeza, sikatai, ukipata. Rudine Sims Bishop, msomi wa Marekani wa vitabu vya watoto, mwaka 1990 aliandika kwamba kitabu kinaweza kuwa dirisha la kuona maisha ya wengine na kinaweza kuwa kioo cha kujiona mwenyewe, kwahiyo hata cha mbali kina kazi yake. Lakini usisubiri shehena mpya, kesho anza na hichohicho kilichopo kabatini.

Kile kihadithi bado nakitumia. Kwenye mwongozo, pembeni ya "huzuni", nimeandika kwa penseli "au amezoea, angalia nguo".