Kufunga barabara baada ya mwenye baiskeli kugongwa na lori: niliyoyaona kwetu

Mkuu, pole sana kwa msiba. Umeuliza mambo mawili: kama vijana wafunge barabara kwa sababu huyu ni mwenye baiskeli wa tatu kugongwa na lori palepale, na familia ya marehemu ishike wapi. Mimi naishi kando ya barabara ya Isaka kwenda Kahama, ile inayopitisha mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Huku kwetu baiskeli ndiyo gari la mkaa, la maziwa, la mgonjwa na la mwanafunzi, na kila nyumba inamjua mtu aliyeondoka hivyo. Sikusomea sheria. Nilichonacho nimekipata kwenye mabenchi ya polisi na ya mahakama ya mwanzo nikisindikiza wafiwa.

Nianze na familia, kwa sababu barabara itakuwepo hata mwezi ujao ila karatasi hazisubiri.

Jirani yangu mmoja alikuwa akipeleka mkaa mjini. Aligongwa alfajiri, akafa njiani kuelekea hospitali. Siku ya tatu, matanga hayajaanuliwa, wakaja watu wawili wa mwenye gari. Wapole kweli kweli. Wameleta gunia la mchele, mafuta ya kula na bahasha. Wakakaa na sisi, wakala, wakaomba dua. Jioni wakatoa karatasi moja iliyochapwa: familia imepokea rambirambi, pande zote zimeelewana, hakuna madai dhidi ya dereva wala mmiliki. Mjane alikuwa mkekani, hajui hata leo ni siku gani, na kidau cha wino kimeshafunguliwa aweke dole gumba. Kaka yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akaichukua ile karatasi, akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati. Akasema, "Ndugu zangu, tumeshukuru kwa kuja. Hii tutaisoma tukishaanua matanga." Wakaondoka na wino wao. Mchele tulikuwa tumeshaula.

Rambirambi si fidia, hilo mlishike wote. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka kila gari linalotembea barabarani liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na mwenye baiskeli ndiye huyo mtu wa tatu. Anayelipa ni kampuni ya bima. Sasa kwa nini mmiliki ahangaike na wino? Anataka lori litoke kituoni haraka, kesi ya dereva ipoe, na mara nyingine bima yenyewe ilishakwisha muda. Kwa hiyo wafiwa wasisaini kitu chochote msibani. Chochote.

Kinachotakiwa baadaye ni ripoti ya polisi ya ajali (PF 90), ripoti ya ukaguzi wa gari (PF 93), ramani ya eneo la ajali, cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo. Hiyo ya mirathi huanzia kwenye kikao cha ukoo, na muhtasari wake uandikwe wakati ndugu wa mbali bado wapo. Wakishatawanyika kurudi Geita na Dar, kupata saini zao ni kazi ya miezi. Halafu mmoja afuatilie kesi ya trafiki hadi hukumu, kwa sababu bima wataiulizia. Bima wakizungusha, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Jambo ambalo watu hulisahau ni baiskeli yenyewe. Ikishaletwa nyumbani, kesho yake kiti kimeuzwa na tairi liko kwenye baiskeli ya mtoto. Ya jirani yangu ilibaki kituoni kwa sababu yule mwalimu aling'ang'ania. Dereva aliandikisha kwamba marehemu alikatiza ghafla mbele yake. Lakini tulipoisimamisha ile baiskeli uani, rimu ya nyuma ilikuwa imejikunja hadi kugusa pedeli, keria imepinda kuelekea mbele, na rimu ya mbele haina hata mkwaruzo. Mtu anayekatiza hagongwi matakoni. Askari aliyekuwa akiandika alikaa kimya kidogo, akaomba tuipige picha. Nanyi pigeni zenu mapema: baiskeli, alama za tairi, namba ya kichwa na namba ya tela (ni mbili tofauti, watu hupiga moja), na stika ya bima kiooni kama ipo.

Sasa vijana. Hasira yao naielewa, na sitamwambia mtu aliyebeba mwili wa rafiki yake kwenye toroli awe mtulivu. Ila nimeona barabara ikifungwa mara zaidi ya moja. Mawe na magogo yanapangwa, tairi linachomwa, foleni ya malori inavuta kilomita na kilomita, FFU, askari wa kutuliza ghasia, wanafika, mabomu ya machozi. Jioni vijana kadhaa wako mahabusu, na fedha iliyochangwa kwa ajili ya mjane inaanza kuzungumziwa kama fedha ya dhamana. Na kuna jingine: dereva anayejua kwamba akisimama atapigwa mawe, hasimami. Anakanyaga mafuta. Majeruhi anabaki barabarani na namba ya gari haipo. Ukichoma lori umechoma na ushahidi.

Tuseme ukweli lakini: bila fujo ya mwaka mmoja hapa kwetu, matuta ya pale senta yasingewekwa. Waliotulia walikuwa wameomba kwa adabu muda mrefu bila jibu. Kwa hiyo sisemi vijana ni wajinga. Nasema walipata matuta mahali ambapo watu wanavuka, wakati wenye baiskeli walikuwa wanakufa mahali pengine, mbele kidogo, ambako hakuna hata duka.

Ndipo ninapotaka mkae vizuri, kwa sababu umesema wa tatu palepale. Nendeni mkapaangalie kwa miguu, asubuhi na usiku. Sisi tulipokwenda tulikuta ukingo wa lami umeliwa, kutoka lami hadi udongoni ni kina cha kiganja kizima. Mwenye gunia mbili za mkaa akisikia honi nyuma hawezi kushuka pale, ataanguka, kwa hiyo anabaki ndani ya lami na lori linampitia. Tena kuna malori mabovu yanayolala barabarani. Dereva hana pembetatu, anakata matawi na kupanga mawe, akishatengeneza anaondoka na kuyaacha mawe. Mwenye baiskeli asiye na taa anayakuta saa kumi na moja alfajiri.

Tuliyaandika hayo kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, pamoja na picha na tarehe za ajali, mtendaji akagonga muhuri, diwani akapewa nakala. Barua ya kwanza ya kijiji jirani ilikuwa imekwenda TARURA na ikalala huko. Barabara kuu ni ya TANROADS, TARURA ni za mijini na vijijini. Tuliomba vitu vidogo: kujaza bega la barabara kwa changarawe, kibao cha mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na matuta madogo ya kumshtua dereva. Bega lilijazwa. Kibao kilikuja, kikagongwa, hakijarudi. Njia ya baiskeli hatujaipata, na sijui kama nitaiona.

Wenzetu wa daladala za baiskeli nao wakajiwekea sharti kijiweni: hakuna kubeba abiria bila kiakisi chekundu nyuma. Mmoja alikata vipande vya fulana kuukuu za kung'aa, akavigundisha kwenye madigadi za wote. Hilo halikusubiri serikali, ingawa sipendi linavyogeuzwa kuwa lawama kwa marehemu, "hakuwa na taa." Lori lina taa sita na breki. Na ndani ya makazi mwendo ni 50.

Kuna mdau mwingine hapa jukwaani ametaja zile baiskeli zilizopakwa rangi nyeupe na kufungwa mahali mtu alipofia. Zilianza St. Louis, Marekani, mwaka 2003. Wazo zuri, ila kwetu itakaa usiku mmoja, asubuhi iko kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mimi nawahusudu zaidi Waholanzi. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa kwenye barabara zao, watoto zaidi ya 400, na wazazi wakaanzisha kampeni waliyoiita waziwazi "acheni kuua watoto." Nao walifunga barabara! Lakini waliendelea kudai hata baada ya kuzikwa wale watoto, na zile njia za baiskeli tunazoziona kwenye picha zilipatikana kwa hasira za namna hiyo. Dar wapo UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, wenye misafara yao ya baiskeli. Nairobi wanaendesha kwa makundi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nanyi mkitaka vijana waingie barabarani, waingie hivyo: baiskeli zote za kata, mwendo wa pole, barua ya taarifa imeshafika polisi, na risala mkononi yenye picha za ule ukingo.

Jambo moja hujalisema. Hilo lori lilikuwa na namba za wapi? Kama ni la Rwanda, Burundi au Kongo, ulizeni leo hii kituoni kama namba ya kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka, imeandikwa kwenye jalada. Tanzania imo kwenye mpango huo, na madai hushughulikiwa hapa hapa nchini. Lori likishavuka mpaka wa Rusumo bila namba hiyo kuandikwa, mtahangaika sana. Nijibu hapa hapa, nipo.